Udongo Mweupe wa Madame Leokadia

Madame Leokadia amekufa na mimi nimealikwa kula. Binti yake Nadeji alikuja mwenyewe nyumbani kwangu Gasenyi. Aliacha gari mbali kwa sababu ya matope, akatembea kwa ncha za viatu mpaka mlangoni pangu. Nilimpa kiti, akakipangusa kwa kitambaa, akakaa nusu. Nikamletea maji katika glasi niliyoisuuza mbele ya macho yake, akasema asante, ametoka kunywa sasa hivi. Mwaka umepita tangu mazishi, akasema, sasa familia inamaliza kilio. Kutakuwa na hema, vinywaji, mishikaki, na watu waliofanya kazi na mama watashika mikrofoni waseme alivyokuwa. "Yusta, we unamujua mama kuliko sisi. Ulikuwa naye mu vita. Utatuelezea vile alilinda batu." Alilinda batu! Watu gani? Niliitazama ile glasi iliyokaa kwenye kigoda bila kuguswa. Nikamwambia nitakuja. Alipoondoka niliyamwaga yale maji nje, nikakaa, nikatafuta kalamu.

Sikusoma sana. Mkono wangu unajua kushika pembe ya kuchorea vyungu kuliko kalamu, na anayetaka maneno matamu akatafute kwa wengine. Lakini majina najua kuyaandika. Leokadia. Deo. Haya, nimeyaandika, yakae hapo. Kabila zao sitataja, kwa maana nawajua watu wa nchi hii: ukiwatajia kabila wanalishika kabila, wanaliacha tendo. La kwangu nitalitaja kwa sababu bila hilo hamtaelewa kitu. Mimi ni Mutwa. Sisi ndio tuliofinyanga vyungu vya nchi hii, na nchi nzima ikapika ndani yake, ikala, ikashiba, halafu ikakataa kunywa na sisi kwa kikombe kimoja. Hutu alikataa, Tutsi alikataa. Katika vita yote ile, ambapo hawakupatana hata juu ya jina la kilima, hilo peke yake walipatana.

Mwaka ninaousema ni ule ambao mtaa wa Kamenge ulikuwa umebaki kuta bila mabati, majani yakiota mahali palipokuwa na vitanda vya watu. Kila mtaa ulikuwa umechagua wakazi wake na kuwafukuza wengine. Karakana ya Madame ya vyombo vya udongo ilikuwa mtaa wa Quartier Asiatique, ndani ya ghala la zamani la pamba. Nyuzi za pamba zilikuwa bado zinaning'inia kwenye mbao za paa, na zikidondoka juu ya sahani mbichi ilibidi uzitoe kwa ncha ya sindano, moja moja. Katika chumba cha mbele wanawake walibana udongo kwenye kalibu za sahani. Cha nyuma kilikuwa na tanuru. Cha katikati, kisicho na dirisha, kilikuwa changu mimi: chumba cha rangi. Kilinuka kisima na kutu. Kulikuwa na mapipa matatu yaliyofunikwa kwa magunia mabichi, na ukutani kulikuwa na misumari ambako vilitundikwa vikombe vya chai vya wafanyakazi, kila mmoja na chake, vya enameli, vyenye maua. Changu hakikuwa pale. Changu kilikuwa kopo la majarini, na lilikaa nje, juu ya ukuta, palipokuwa panapita kuku. Hakuna aliyeniambia niliweke huko. Siku ya kwanza nilitundika kikombe changu kwenye msumari, mchana nikakikuta kwenye takataka, kimepasuliwa kwa jiwe. Nikaelewa. Na bado kila asubuhi wale wanawake walinisalimia vizuri sana: "Bwakeye, Yusta, umeamuka?" Adabu haikuwapungukia.

Nieleze kazi, maana yote yaliyotokea yalitoka ndani ya kazi. Rangi ya chungu si rangi ya duka. Ni udongo wenyewe, umelowekwa siku nyingi, umekorogwa ukawa uji, ukachujwa. Sisi tuliuita hivyo, uji. Sahani ikishakauka nusu, imekuwa kama kipande cha sabuni, ndipo unaichora kwa uji; ukiwahi unateleza, ukichelewa unabanduka. Uji mwekundu tulichimba pale barabara ilipokata mlima. Mweusi tulipewa na vita yenyewe: watu wote walikuwa wanasikiliza redio usiku na mchana wajue nani kauawa wapi, na betri zilikuwa zinakufa kwa wingi, tulizipasua, tukatoa ule unga mweusi wa ndani, tukauchanganya na udongo mwekundu. Mweupe ndio ulikuwa wa taabu. Kwa Kirundi tunauita ingwa, na ingwa ya kweli ilikuwa mahali pamoja, kwenye korongo juu ya Gasenyi, ambapo watu wangu walichimba tangu zamani. Nyeupe nyingine zilikuwapo, lakini zilibanduka kwenye moto kama ngozi ya mtu aliyeungua.

Na chombo cha kuchorea? Zamani tulitumia pembe ya mbuzi iliyotobolewa nchani. Madame akaona pembe ni mambo ya porini, akanunua sokoni ile mipira ya kusafishia watoto tumbo, ile ambayo Wafaransa wanaiita poire, unaijaza dawa na maji ya moto unamwingizia mtoto nyuma. Ikajazwa uji, unabinya, mstari unatoka mwembamba na mzuri. Sina ubaya nayo, ilifanya kazi vizuri. Nasema tu kwamba mipira ya matako haikumtia kinyaa Madame Leokadia. Kumbukeni hilo mkifika mbele.

Mchoma tanuru alikuwa Saidi, mtoto wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili, fundi baiskeli aliyekosa kazi barabara zilipofungwa. Alikuwa mwembamba, kope zake zimeungua kwa moto, na mdomo wake haukuwa na kufuli. Siku yangu ya kwanza ya kula pale nilikaa nje na kopo langu. Saidi akatoka na sahani ya ugali na ndagala, dagaa wetu wa ziwani, akakaa chini mbele yangu, akaweka sahani katikati.

"Kula."

"Wanakuangalia," nikamwambia.

"Acha waangalie, si sinema ya bure? We mutwa, kula, ndagala zinapoa. Ama sisi Waswahili tunakunukia?"

"Mnanuka samaki."

"Na nyie munanuka matope. Sasa tukule, tutanuka kitu kimoja."

Alikula na mimi kila siku. Wale wanawake walimwita pembeni wakamwonya kwamba atapata mikosi, hatazaa. Alirudi akaniambia, akicheka mpaka akakohoa, kwamba anasubiri kwa hamu kuona ni kitu gani kitaanza kukatika. Aliwahi kunipeleka kwao Buyenzi. Mama yake alinipa chai ya maziwa katika kikombe cha kabati, chenye kisahani chake. Nilipotoka nilisimama nyuma ya ukuta, nikatega sikio. Ndivyo tulivyozoea: Mutwa akishatoka, unasikia kikombe kinavunjwa. Nilisimama sana. Nilisikia maji, nikasikia vikombe vikigongana kwenye beseni, na yule mama akiimba kidogo puani. Basi. Sijui kama kuna mtu amewahi kufurahishwa hivyo na kuosha vyombo.

Watu wananiuliza, wewe na Saidi mlikuwa nini? Hatukuwa tumefika kuwa kitu. Tulikuwa njiani.

Mnamo kiangazi Madame akaleta kazi kubwa. Wakubwa wa nchi watawapokea wageni waliokuja kuzungumza mambo ya amani, kutakuwa na karamu, na kila mgeni atakula kwenye sahani ya Burundi. Sahani nyekundu, na katikati njiwa mweupe mwenye jani mdomoni. Mchoro aliuleta mwenyewe, umekatwa kwenye kadi ya Krismasi. Alisimama katikati ya chumba changu na marashi yake, akatuambia, "Hii si kazi tu. Tunasaidia amani." Deo, msimamizi wake, alitikisa kichwa kama mtu aliye kanisani. Deo alikuwa na tabia hiyo, kichwa chake kilikuwa kinakubali kabla neno halijaisha. Saidi aliitazama ile kadi kwa muda mrefu.

"Madame, pardon. Huyu ni njiwa ama ni kuku?"

"Ni njiwa, Saidi."

"Njo maana nauliza tu. Kwa maana kwa tumbo hii, anafanana na bata ya Kajaga. Wageni watauliza sosi iko wapi."

Hata wale wanawake walicheka. Madame alicheka pia, meno tu.

Sasa sikilizeni kosa. Uji mweupe ukishachujwa kwenye soksi ya nailoni, unauonja. Unachukua kidogo kwa kidole, unauweka ulimini, unausaga kwa meno ya mbele. Ukiwa laini kama maziwa mgando, ni mzuri. Ukisikia chembe, hata moja, umwage. Zile chembe ni chokaa, na chokaa ni mwongo: inaingia motoni imetulia, inatoka imetulia, sahani nzuri, unaisifu. Siku zinapita, inakunywa unyevu wa hewa, inavimba huko ndani, inapasua. Soksi haiwezi kuikamata yote. Ulimi unaikamata. Sikuvumbua mimi. Wanawake wote wa kwetu walionja, mpaka meno yao ya mbele yalikuwa mafupi.

Madame aliingia nikiwa nimeinama juu ya pipa, kidole mdomoni. Akaganda. Nakumbuka mkono wake ulivyopanda ukaziba mdomo wake mwenyewe, kama kwamba mimi nilikuwa nimeingia ndani ya mdomo wake.

"Unafanya nini?"

"Naonja, Madame. Natafuta chembe."

"Unatia mate yako mu hiyo kitu? Ile itakuwa sahani ya kulia!"

"Inapita kwenye moto, Madame. Hakuna kinachobaki."

"Apana." Alikuwa amekunja uso kama mtu aliyekanyaga mavi. "Apana, apana. Moto hautoi kila kitu. Deo! Kuanzia leo hakuna mutu wa kuonja. Muchuje mara mbili, inatosha. Wageni bakuje kula mate ya Batwa? Mungu wangu."

Kichwa cha Deo kilikuwa kimeshakubali. Alisimamishwa pale pale mlangoni awe ananilinda, mtu mzima na suruali ya pasi, amewekwa kulinda ulimi wangu. Nilichuja mara mbili. Soksi ilikuwa kuukuu. Nikachora njiwa, wengi, mpaka nikawa nawaona nikifumba macho. Saidi akachoma kwa siku kadhaa, moto mzuri, sahani zikatoka nyekundu kama damu ya ng'ombe na njiwa mweupe pe! Madame alipiga makofi. Zikapangwa kwenye masanduku na majani makavu, zikakaa chumba cha mbele zikingoja karamu.

Sauti ilianza asubuhi moja tukinywa chai. Ta. Kama mtu anavunja ukucha. Kimya. Halafu ta, ta. Mwanamke mmoja akaruka, kwa maana siku zile kila sauti ilikuwa risasi. Saidi ndiye aliyekwenda kuweka sikio juu ya sanduku. Akafungua. Njiwa walikuwa wanapasuka kifuani. Mmoja amebaki bawa, mwingine shimo mahali pa jicho, na tukiwa tunatazama mmoja akatoka kichwa mbele yetu, ta, kikaruka kikaanguka kwenye majani. Hakuna aliyecheka. Nilimtazama Deo, Deo akatazama dari.

Madame alipokuja hakuuliza chokaa imepitaje. Aliuliza nyeupe imebaki kiasi gani. Haikubaki. Nikamwambia iliyobaki iko mlimani, na mlimani hakuendeki. Juu ya Gasenyi wanajeshi walikuwa wameweka barrier, kizuizi cha njia, na ng'ambo ya barrier kulikuwa na waasi, na kati yao kulikuwa na korongo letu. Aliyepanda na kushuka alikuwa ameshaonekana ni wa upande mmoja au wa mwingine.

"Nyinyi Batwa hamuna shida na mutu," Madame akaniambia, sauti laini. "Batakuacha upite."

Hilo nalo nalitapika mpaka leo. Watu wangu walikuwa wameuawa kama wengine, na pande zote mbili, ila hakuna aliyepoteza muda kutuhesabu. Nilikuwa nafungua mdomo nikubali, maana ukikataa kazi unakwenda wapi, Saidi akanitangulia.

"Mi naenda. Mi niko na kinga, hii baiskeli yangu, naenda na kurudi mbele ya chai. Na mi ni wa Buyenzi, Muswahili hana kabila, banatujua."

"Hujui udongo upi," nikamwambia.

"Si ile nyeupe? We ulinionesha siku ile, barrier haijawekwa. Chini ya ile mustari ya kijivu, inayoteleza kama samaki." Akanikonyeza. "Nitaonja, nitatema, Chef Deo hatakuwa kule."

Madame akasema, mbele yetu wote, wanawake wale ni mashahidi, akasema: "Nenda, Saidi. Wakikusimamisha, sema ni Madame Leokadia anakutuma. Pale banajua jina langu." Ni kweli lilijulikana. Shemeji yake alikuwa mkubwa jeshini, alikula kwake kila Jumapili, na gari lake lilipita barrier zote bila kusimama.

Saidi alienda asubuhi. Chai ikapita. Chakula cha mchana nikakitazama kikipoa. Jua lilikuwa limeanza kuinama alipoingia mama mmoja muuza mboga za lengalenga, ametoka upande wa Gasenyi, jasho limemkauka usoni, akauliza nani ni Madame Leokadia. Alikuwa amepita kwenye barrier. Amemwona kijana wa Kiswahili amekalishwa chini kando ya gunia lake, mikono haijafungwa, wanamwuliza huo unga mweupe anawapelekea nani. Walikuwa wamelichoma gunia kwa kisu cha bunduki. Kijana amemwomba ashuke kwa Madame, amwambie maneno haya tu: aje, ama atume mutu, aseme ni yeye alinituma. Basi. Watamwachia. Yule mama alirudia mara mbili, akionesha kwa mkono jinsi alivyokaa, amekunja magoti, na akaongeza kwamba alikuwa anafanya mzaha na mwanajeshi mmoja. Nikashukuru Mungu. Saidi akifanya mzaha, yuko mzima.

Ofisi ya Madame na chumba changu vilitenganishwa na mbao tu. Nilisikia anapiga simu, anaongea na dada yake kwa Kirundi. Nilisikia akisema: nikisema nimemtuma, wataniuliza nina nini na watu wa mlimani, wiki hii, na karamu hii. Nilisikia anakata simu. Halafu akamwita Deo, na hapa naandika kama nilivyosikia, bila kuongeza chumvi.

"Chukua pikapu, uende. Useme udongo ni wetu, tumeununua. Mwenye kuubeba, hatumujui."

Deo akasema, "Madame, Saidi?"

Alisema hivyo. Namwandikia hata hilo, nisimwonee. Alisema, Madame, Saidi?

"Usijichanganye, Deo. Uko na watoto. Lete udongo."

Nilitoka chumbani nikasimama mbele ya pikapu. Nikamwambia Deo nipeleke, niseme mimi, Mutwa hana cha kuogopa si ndiyo mnavyosema? Alinisukuma kwa bega kama mtu anavyosukuma mbuzi mlangoni, akapanda. Alirudi kabla ya saa ya kufunga njia. Nilikimbilia nyuma ya gari. Gunia lilikuwapo, limelazwa vizuri, tundu la kisu limezibwa kwa majani udongo usimwagike. Baiskeli haikuwapo. Saidi hakuwapo.

"Iko wapi mutu?" nikamwuliza.

"Nimekuta banamupeleka," Deo akajibu bila kunitazama. "Nimefika, banasema tumekwisha kumupeleka."

"Wapi?"

"Mi najua wapi? Banamupeleka."

Kesho yake Madame aliingia chumba cha rangi mwenyewe. Udongo ulikuwa umeshalowekwa na kuchujwa, Deo aliufanya tangu alfajiri, maana siku nyingi za kungoja hazikuwapo. Alisimama mbali kidogo, mikono kifuani. Sahani mpya zilikuwa zimebanwa usiku kucha na wanawake wale, zilikuwa zinakauka, zilikuwa zinasubiri. Akasema, "Yusta. Safari hii uonje." Nikadhani sikusikia. "Onja vizuri, mara mbili. Siwezi kupoteza hii." Uso wake haukukunjwa. Ulimi wangu ulikuwa umetakasika, mnaona? Nikachukua uji kwa kidole, nikaweka mdomoni, nikasaga. Ulikuwa laini, hauna chembe hata moja. Saidi alikuwa amechimba mahali penyewe, chini ya mstari wa kijivu, kwa uangalifu, bila haraka. Hapo ndipo nilipojua kwa hakika kwamba alifika, na kwamba aliifanya kazi yake yote. Nikakusanya mate yangu yote, ya jana na ya leo, nikayatema ndani ya pipa mbele ya macho yake. Yakaelea. Aliyatazama. Nilitaka anipige, ningefurahi. Akasema, "Koroga."

Sikukoroga. Nilitoka na nguo niliyovaa, na Deo ndiye aliyekoroga. Wageni walikula, karamu ilisifiwa redioni, na kama walikula amani juu ya mate yangu, yalikuwa yameshapita kwenye moto mzuri.

Kwa mama yake Saidi nilikwenda siku ile ile. Nilimweleza yote, pamoja na neno la Deo, na neno la Deo ndilo alilolishika. "Banamupeleka? Basi." Majirani walitaka kutandika mikeka ya matanga, akawafukuza. "Mi sifanyi matanga ya mutu aliyepelekwa. Aliyepelekwa anarudishwaka." Shehe alikuja akamweleza kwa upole kuhusu sala ya kumwombea maiti aliye mbali, akamjibu kwamba mtoto wake hayuko mbali, yuko gerezani. Akazunguka magereza na termosi ya chai. Nilizunguka naye. Tulisimama kwenye milango ya chuma tukitaja jina, wakatucheka, wakatufukuza, wengine wakainywa chai. Vita ikaisha, wafungwa wakatoka, akaenda kuwatazama nyuso. Aliniambia hata mwaka aliokufa, akiwa hawezi kushika kijiko: "Yusta, yule Deo alisema banamupeleka. Kama angekufa si angesema amekufa?" Alizikwa bila kumwombea mtoto wake dua ya maiti hata mara moja, kwa sababu ya neno moja la mwanaume mmoja mwenye suruali ya pasi.

Niliandika mpaka hapo kabla ya kwenda. Sasa nimerudi, bado nimevaa zile nguo.

Hema lilikuwa jeupe, viti vimevishwa vitambaa. Waliniweka meza ya mwisho, karibu na majenereta, na kinywaji changu kililetwa kwenye chupa, bila glasi, pamoja na mrija, eti ni kisasa. Nikasikiliza. Mama wa maskini. Mama wa sanaa. Mwanamke aliyechora amani wakati wengine wanamwaga damu. Mtu alisema hivyo kwa Kifaransa na watu wakapiga makofi. Deo alikuwa mbele, amenenepa, ana fimbo, ana sahani ya mishikaki magotini. Nadeji akaniita. Mikrofoni ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, ya kuwachafulia hema lao lote, nilikuwa nimeyafanyia mazoezi njiani. Yakakataa. Akilini nilimwona mama yake Saidi amesimama mbele ya mlango wa chuma na termosi yake, na nikaona kwamba kuna kitu kimoja tu nilikuwa nataka kujua kwa watu wale.

"Deo," nikasema. "Siku ile kwenye barrier. Ulimukuta Saidi ama haukumukuta?"

Watu walidhani ni hadithi nzuri inaanza, wakageuka kumtazama wakitabasamu. Nadeji akanyoosha mkono kuchukua mikrofoni, nikaibana. Deo alitafuna alichokuwa nacho, akameza. Alikuwa mzee kweli. Labda ni bia, labda na yeye alikuwa amechoka kulibeba neno lile, sijui, simtafutii sababu. Hakuhitaji mikrofoni.

"Nilimukuta," akasema.

"Hai?"

"Hai. Alinisaidia kupandisha gunia mu pikapu. Alikuwa anafurahi." Aliweka sahani chini, akaifuta midomo. "Akaniuliza: Chef, nikae mbele ama nyuma?"

"Ukamujibu nini?"

"Nilimwambia angoje kidogo."